Ini la Fundi

Jumatatu, 2 Machi
Leo nimewapa watoto wa darasa la tano kazi ya masika yote: kila mmoja aandike shajara ya mvua. Tarehe, hali ya hewa, na jambo moja lililotokea nyumbani. Yule mwenye ulimi mrefu wa dawati la nyuma akauliza kama mwalimu naye ataandika au kazi ni ya wanyonge tu. Nikasema nitaandika. Basi hii hapa. Hali ya hewa: mawingu tangu asubuhi, manyunyu alasiri. Jambo lililotokea nyumbani: hakuna. Mume wangu amerudi kazini, amekula, amesinzia kitini huku redio ikijisemea.

Mume wangu hutengeneza majokofu. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami nimezoea kumwita hivyo hivyo.

Alhamisi, 5 Machi
Mvua kubwa. Bati linavuja juu ya kabati. Nimekinga sufuria.

Jumatatu, 9 Machi
Fundi amerudi mapema, na si kawaida yake. Alikuwa kwa muuza nyama wa sokoni, yule tunayemwita Bucha, akitengeneza jokofu lake kubwa, mara akashikwa na baridi. Nikamtania kwamba mtu anayeshinda kichwa kikiwa ndani ya jokofu asishangae kusikia baridi. Akacheka, lakini meno yalikuwa yakigongana. Amepimwa malaria, hana. Wamempa dawa ya malaria hata hivyo.

Ijumaa, 13 Machi
Mvua. Homa imeshuka, imepanda tena.

Jumanne, 17 Machi
Anasema kuna kitu kinamkaba chini ya mbavu za kulia. Alijaribu kuinua mashine ya jokofu akaiachia, mguu wa kijana wa Bucha ukaponea chupuchupu. Zahanati safari hii wamesema ni homa ya matumbo. Dawa nyingine, kubwa kama vifungo vya koti. Anameza, anatapika, anameza tena. Halalamiki, na hilo ndilo linanitia wasiwasi, maana Fundi nimjuaye hulalamika hata akijikwaruza.

Kitu pekee anachokula kwa hamu ni yale majani yake. Tangu nesi alipomwambia mwanzoni mwa mwaka kwamba presha yake inataka mboga za kijani, hula kila asubuhi bakuli la majani ya kijitoni, yale ya mviringo yanayoota majini, mabichi na chumvi kidogo. Mimi yananiwasha ulimi. Mama yake humchumia huko kwake juu bondeni na kuyatuma kwa mfuko.

Jumanne, 24 Machi
Amekonda. Suruali anaifunga kwa kamba ya waya za kazini. Leo tumepiga picha ya tumbo. Aliyepiga alipitisha kile chombo chake ubavuni mara moja, akarudia, akarudia tena, kisha akawa mpole ghafla. Nimefundisha miaka mingi. Najua sauti ya mtu anayeficha alama mbaya. Ameandika kwamba ini lina madoa. Tumepewa siku ya kwenda hospitali kuu.

Jioni mama mkwe amewasili na begi na jogoo. Amesema atakaa hadi mwanawe apone.

Niandike ukweli, maana shajara hii haisahihishwi na mtu. Mama mkwe hanipendi, na sababu yake inajulikana kwa kila mtu: miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuna mtoto. Nimekunywa dawa zake, unga mchungu ndani ya uji, mizizi iliyochemshwa hadi maji yakawa meusi, mwaka hadi mwaka. Nilizinywa kwa sababu nami nilitaka mtoto. Kwenye harusi ya mdogo wake Fundi, mgeni mmoja alinikabidhi kitoto kichanga nimshikie wakati anakula. Mama mkwe akaja akamchukua mikononi mwangu. Akasema, tena kwa sauti ya kusikika meza tatu, kwamba mtoto wa watu asibebwe na mgumba. Fundi alikuwa amesimama pale pale na sahani yake. Alitazama sahani.

Alhamisi, 26 Machi
Mvua. Mama mkwe amepanga upya vyombo vyangu. Siwezi kupata kijiko.

Jumanne, 31 Machi
Hospitali kuu. Wamemwingiza Fundi ndani ya mashine kama bomba. Kisha daktari wa upasuaji, mtu mrefu mwenye haraka, ametuita ofisini, akageuza kompyuta ili tuone. Ini la mume wangu limejaa madoa, mengine yameungana kama njia za mchwa. Alisema inaonekana ni saratani, na kwamba imetoka mahali pengine ikaenea, ila watachoma sindano kuchukua kinyama kidogo ili wathibitishe. Fundi akauliza kama inatengenezeka. Ni neno lake la kazi. Daktari akasema kwa hatua hii tuzungumzie zaidi kumpunguzia maumivu.

Kwenye korido mama mkwe alinishika mkono juu ya kiwiko, akabana. Aliniuliza nimemlisha nini mwanawe. Watu walikuwa wakipita. Nikamwambia, "Mama, nimemlisha ninachokula mimi." Akasema mimi mbona sijakonda.

Alhamisi, 2 Aprili
Mvua. Yule wa dawati la nyuma ameandika kwenye shajara yake: "Mwalimu amevaa viatu visivyofanana." Nimeangalia. Kweli.

Jumamosi, 4 Aprili
Wamemchoma sindano. Alinishika kidole wakati wote, kidole kimoja tu. Kinyama kimepelekwa kupimwa mji mwingine, na barabara ya huko imekatwa na maji. Wamesema tusubiri. Tumerudi nyumbani na dawa za maumivu.

Jumatatu, 6 Aprili
Shemeji, kaka yake Fundi, ana duka la dawa za mifugo. Amekuja, amekaa nusu saa, amesema maneno mawili. Wakati wa kuondoka nilimwona kwenye kibanda cha kazi cha Fundi akigeuza geuza mitungi ya gesi na mashine ya kuchomelea. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anaangalia tu. Nimekifunga kibanda, nimeuweka ufunguo shingoni.

Alhamisi, 9 Aprili
Maji yaliingia madarasani, watoto wakarudishwa nyumbani. Nikafika mchana. Mama mkwe alikuwa amekwenda kwa shemeji. Fundi alikuwa macho, ameketi kitandani ameegemea ukuta, na alikuwa ameoga. Nilishangaa amepata wapi nguvu. Akaniomba nifunge mlango. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata tungepigana jirani asingesikia, lakini nikafunga.

Akasema, "Kuna jambo sitaki kuondoka nalo."

Nikamwambia hakuna anayeondoka. Akanyanyua mkono, kama anavyomnyamazisha mteja anayemweleza kazi yake.

Alianza mbali. Akanikumbusha mwaka wa tatu wa ndoa yetu, alipokwenda mji mwingine kusomea mitambo mipya ya majokofu. Nakumbuka. Alirudi na mashuka ya maua ya njano. Kumbe huko alikwenda hospitali peke yake akapima. Daktari akamuuliza kama aliwahi kuugua matubwitubwi akiwa kijana. Aliwahi, akiwa na miaka kumi na sita, alivimba hadi hakuweza kutembea. Daktari akamwambia ugonjwa ule ulimharibu uzazi, mtoto hatapata. Akapanda basi, akanunua mashuka, akarudi nyumbani, akanyamaza.

Nilichelewa kuelewa. Nilikuwa bado nayafikiria mashuka.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Nilipokuwa nakunywa dawa za mama yako ulijua."

"Nilijua."

"Na kwenye harusi."

Alifumba macho, machozi yakatoka pembeni, yakashuka hadi masikioni. Alisema kila mwaka alipanga kusema, na kila mwaka ukimya wa mwaka uliopita ukawa umeongezeka uzito. Alisema alimwogopa mama yake, na aliniogopa mimi, na zaidi ya yote aliogopa mtaa, jinsi wanaume wanavyocheka wenzao. Akasema hana haki ya kuomba, ila anaomba.

Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, mifupa mitupu. Utamwambia nini mtu kama huyo? Nikasema nimekusamehe. Nilisikia sauti yangu ikisema, nyororo, kama ninavyomwambia mtoto aliyejikojolea darasani kwamba si kitu. Akalala palepale, kama amepewa dawa. Alilala usingizi mzuri kuliko wote tangu augue.

Mimi nilikaa jikoni. Watu husema neno fulani limewakata maini. Mwenye ini bovu alikuwa chumbani anakoroma. Langu, zima, nililisikia likikatwa kipande kimoja kimoja.

Ijumaa, 10 Aprili
Mvua.

Jumapili, 12 Aprili
Mvua. Namlisha, namgeuza, nampaka mafuta miguuni. Mikono inafanya kazi yake. Mimi sipo.

Jumatatu, 13 Aprili
Mama mkwe ameniambia uji ninaompikia Fundi ni mzito, kwamba kama ningewahi kulea ningejua uji wa mgonjwa. Neno lilikuwa nyuma ya meno yangu. Sentensi moja tu, na ningemwangusha chini mchana kweupe. Nimeigeuza mdomoni hadi ikaniuma taya.

Sikuisema. Nisijisifu, haukuwa wema. Nilimtazama akimkanda mwanawe nyayo, taratibu, kidole kwa kidole, akimsimulia habari za jogoo aliyepigana na bata wa jirani ili tu acheke, nikaona huyu naye amedanganywa miaka ile ile niliyodanganywa mimi. Mizizi ile aliifuata mbali, kwa miguu, na magoti yake yale. Alikuwa akitafuta dawa ya ugonjwa ambao haukuwa wangu. Na sasa anasubiri kumzika. Nikaongeza maji kwenye uji.

Alasiri Bucha amekuja kumwona mgonjwa. Alileta nyama, akakaa ukingoni mwa kiti, akauliza kwa aibu kama Fundi anakumbuka ule waya mwekundu ulikuwa unaingia wapi. Fundi akamwelekeza kwa kunong'ona, mpaka mwisho. Ni mara ya kwanza wiki hii kumwona ana furaha.

Alhamisi, 16 Aprili
Simu kutoka hospitali kuu. Wametaka tuje Jumamosi, twende wote tunaokaa naye. Hawakusema kwa nini. Mama mkwe ameanza kukunja nguo zake nyeusi.

Jumamosi, 18 Aprili
Hakuwa yule mrefu mwenye haraka. Safari hii tumepokewa na daktari wa ini, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye husema sentensi moja kisha anasubiri uimeze.

Amesema, "Hii si saratani."

Akasubiri. Hakuna aliyemeza.

Kinyama walichokitoa, alisema, hakina saratani. Kimejaa chembe za damu za aina ambayo mwili huzituma unapopigana na minyoo. Damu yenyewe pia imejaa hizo chembe. Kisha akaanza kuuliza. Je, Fundi anafuga mbwa? Hapana. Anakula nyama mbichi, samaki mbichi? Hapana. Mboga mbichi, hasa zinazoota majini?

Nilimwona mama mkwe akiinua uso. Mimi nilikuwa najua jibu, na Fundi alikuwa anajua jibu, na wote wawili tulinyamaza. Mama mkwe ndiye aliyesema: "Anakula. Mimi ndiye ninayemchumia."

Daktari alieleza bila kumtazama yeyote usoni, na nilimshukuru kwa hilo. Kuna mnyoo unaokaa kwenye ini la kondoo na ng'ombe. Mayai yake hutoka na kinyesi, mvua huyasomba hadi majini, huko minyoo michanga huingia ndani ya konokono, ikitoka hujibandika kwenye majani. Mtu akila jani bichi, anakula na mnyoo. Huo mnyoo unatoboa utumbo, unaingia ini, unalila huku unatembea. Yale madoa yaliyoungana ni njia zake. Kwa kondoo ni kawaida. Kwa mtu ni nadra sana huku kwetu, ndiyo maana wengi hawaufikirii. Yeye mwenyewe ameuona mara mbili tu tangu aanze kazi. Atapima damu kuthibitisha, lakini haoni jingine.

Fundi akauliza tena kama inatengenezeka. Daktari akasema inatengenezeka.

Alicheka. Kisha akalia. Kisha akanitazama, na nilichokiona machoni mwake hakikuwa furaha peke yake. Alikuwa amekumbuka.

Nje, mama mkwe alikaa kwenye benchi la korido ile ile. Aliikalia mikono yake. Akasema peke yake, bila kumwambia mtu, kwamba kondoo wa jirani hunywa maji pale anapochuma. Nilikuwa nasubiri raha ya kumwona hivyo inijie. Ilikuja, kidogo. Niliiona ikikaa karibu yangu, kisha ikaondoka. Nikamletea maji.

Jumapili, 19 Aprili
Mvua haijakatika. Nyumba nzima inacheka, jogoo amechinjwa, shemeji amekuja na watoto. Mimi nimejifungia chooni ili nifikiri.

Nilimsamehe mtu anayekufa. Huyu anayeomba chumvi mezani ni mwingine.

Ijumaa, 24 Aprili
Majibu ya damu yamethibitisha. Sisi wengine tumepimwa, tuko salama. Lakini vidonge vya ugonjwa huu haviuzwi dukani. Lazima daktari aviombe serikalini, navyo vitoke nje ya nchi. Homa imerudi, macho yameingia ndani. Amepona kwa maneno tu.

Leo shemeji ameingia na chupa. Dawa ya kondoo, ya mnyoo huohuo, amesoma karatasi yake yote. Anasema kitu ni kile kile, ni chupa tu tofauti, na kwamba tutakaa tunangoja serikali hadi lini? Fundi alinyoosha mkono aichukue. Nikasimama katikati. Nikasema daktari aulizwe kwanza. Shemeji akasema kwa ukali kwamba ninataka ndugu yake afe nirithi kibanda. Nikamwambia aliyekuwa anapima mitungi ya gesi si mimi. Tulikuwa tumefika huko.

Mama mkwe ndiye aliyemaliza. Aliichukua chupa mkononi mwa shemeji, akaifunga vizuri, akamrudishia. "Nimeshamlisha mwanangu chakula cha kondoo," akasema. "Dawa ya kondoo hapana. Mwalimu, piga simu."

Daktari wa ini alikataa katakata. Dawa ya mifugo ina vitu vingine ndani na kipimo chake si cha mtu, na kwa ini lililochoka hivi angeweza kufa kwa tiba. Shemeji alisikia mwenyewe, simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu. Alipokuwa akitoka alisimama mlangoni, akaniambia kwamba mitungi, ndiyo, alikuwa akiipigia hesabu. Alijiona mwenye nayo kabla mdogo wake hajafa, na tangu siku ile halali vizuri. Nikamwambia ajifunike, mvua kali.

Jumatano, 29 Aprili
Mvua. Vidonge bado.

Jumamosi, 2 Mei
Mvua. Bado. Anapumua kama mtu anayepanda ngazi.

Jumatano, 6 Mei
Vimefika. Vidonge vichache ndani ya boksi ambalo lingetosha sabuni. Ameambiwa ameze ameshiba. Amekula akilazimisha, mama yake ameketi kushoto, mimi kulia, tunamhesabia matonge kama mtoto. Amemeza. Tukabaki tunalitazama tumbo lake, wote watatu, utadhani litatamka jambo.

Jumamosi, 9 Mei
Tangu asubuhi maumivu, si yale ya zamani. Haya yanakuja kwa mawimbi, yanamkunja, yanamwachia, yanamkunja. Kufikia adhuhuri weupe wa macho ulikuwa wa njano. Nilimpigia Bucha kwa sababu ana gari la kubebea nyama, akaja na aproni yake yenye damu. Tulimlaza Fundi nyuma juu ya godoro. Barabara ya daraja ilikuwa imefunikwa maji hadi nusu ya magurudumu, na Bucha akasimamisha gari, akanitazama kwenye kioo. Nikasema twende. Akasema kama injini ikizima hapo kati tumekwisha. Nikasema tena twende.

Kwenye maji yale, huku gari likiyumba, nilijikuta nimemshika Fundi kichwa kwa mikono yangu miwili, nikiwa nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilimwambia, na alinisikia, "Ukifa leo nitakuwa nimekusamehe bure." Alikuwa na jasho hadi kwenye nyusi. Akasema sifi.

Daktari wa ini alitupokea mwenyewe. Alisema dawa imefanya kazi kupita kiasi: minyoo imekufa, mmoja umeziba njia ya nyongo. Wakampitishia mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi ndani. Tulisubiri, mimi na mama mkwe na Bucha na aproni yake. Watu walikuwa wakimkwepa wakidhani ndiye mgonjwa.

Mnyoo umetoka. Daktari alituonyesha ndani ya kichupa. Nilitegemea uzi mrefu. Ni kitu bapa, cha kahawia, umbo la jani dogo. Bucha aliinama akakitazama kwa karibu, akasema kwa heshima kabisa kwamba yeye akikuta kitu hicho kwenye ini huwa analitupa ini zima. Kisha mama mkwe akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta, nami nikacheka, tukaegemeana, tukacheka mpaka nesi akatutoa nje.

Jumanne, 12 Mei
Hana homa. Ameomba nyama. Njano inafifia.

Tulipobaki wawili wodini aliniuliza, huku akikunja pembe ya shuka, kama neno nililomwambia siku ile ya mvua bado lipo. Nikamwambia nililisema kwa mtu niliyedhani namzika, na mtu huyo hayupo. Akasema anaelewa. Akaniuliza basi afanye nini.

Nikasema, "Mwambie mama yako. Wewe, kwa mdomo wako. Mimi nikisema nitakuwa nalipiza."

Akasema ataambiwa. Nikamrekebisha kama mwanafunzi: siyo ataambiwa, nitamwambia.

Jumamosi, 16 Mei
Tumerudi nyumbani. Jua saa mbili, kisha mvua. Hajasema.

Jumanne, 19 Mei
Hajasema. Mama mkwe amenifundisha kukanda nyayo.

Alhamisi, 21 Mei
Hajasema. Amekwenda kibandani, ametengeneza jokofu la kwanza. Nimemsikia akipiga mluzi na nikatamani kumrushia nyundo.

Jumapili, 24 Mei
Amesema.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mama yake alikuwa akitoa mawe kwenye mchele kwa ajili ya jioni. Fundi alipiga magoti mbele ya sinia, na yeye akadhani anataka kusaidia, akamsogezea. Aliyasema yote, tangu matubwitubwi hadi mashuka. Mama mkwe hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua mchele, mawe kulia, mchele kushoto, hadi sinia likaisha. Kisha akauliza jambo moja tu, na aliniuliza mimi.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu alipokuwa anakufa, Mama."

Alihesabu kichwani, nilimwona. Siku zote zile za uji mzito. Akanyanyuka, akachukua begi, akatoka mvua ikinyesha. Fundi akataka kumfuata. Nikamwambia amwache.

Alhamisi, 28 Mei
Hakuna habari. Hapokei simu. Shemeji anasema yuko kwake juu bondeni, amemfukuza kila aliyekwenda. Amekata majani yote ya kijitoni kwa panga, ameyachoma.

Jumapili, 31 Mei
Shemeji aliita watu kumshukuru Mungu kwa uzima wa ndugu yake. Viti viliazimwa kwa majirani. Walikuja ndugu wote, hata wale wa harusi ile. Bucha alikuja amevaa tai.

Mama mkwe aliingia watu wakiwa wanakula. Hakuketi. Alisimama katikati ya viti na begi lake mkononi, akangoja hadi vijiko vikatulia. Alisema ana maneno machache na asikatizwe, kwa sababu akikatizwa hataweza tena.

Akasema miaka kumi na mmoja amemwita mke wa mwanawe mgumba, nyuma yake na mbele yake, na kwamba wengi waliopo hapa walimsikia, na wengine walimsaidia. Akasema haikuwa kweli. Mwenye tatizo ni mwanawe, aliugua akiwa kijana chini ya paa lake yeye mama, na mwanawe alijua akanyamaza. Hakuongeza sauti wala hakulia. Watu walitazama sahani zao. Fundi hakutazama sahani. Alikuwa amesimama, amenyooka, rangi imemtoka, akitikisa kichwa kukubali kila neno ili kila mtu amwone.

Kisha akaja hadi nilipokaa. Nikataka kusimama, akanizuia kwa kiganja begani.

"Usiniambie umenisamehe," akasema. "Ulishaharakishwa mara moja. Mimi ukae nami hadi utakapokuwa tayari, na kama hutakuwa tayari, nitajua pia."

Akakaa kiti cha jirani yangu, akaomba maji.

Wageni waliondoka mapema kuliko kawaida. Nilibaki jikoni na mlima wa vyombo, Fundi akaja akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha. Kisha akaniuliza kama bado nimekasirika.

Nikasema ndiyo.

Akasema sawa. Akanipa sahani, nikaifuta.